Miji Tuliyopeana Barazani

Enzi zetu sisi watoto wa Likoni, mtu aliweza kulala akiwa mwenye Oslo, Karachi na Bombay, zote zake peke yake, na kesho yake akalala hana hata Kwale. Wenzangu wa rika langu wameshaanza kucheka, wao hawahitaji kuelezwa. Nyinyi wengine, mliozaliwa mkakuta simu imeshatandikiwa kitanda, kaeni kitako niwaeleze, kama mnaweza kukaa kitako muda wa chai kupoa bila kukichungulia hicho kioo mlichokishika.

Nazungumzia vitendawili. Si vile vya kitabuni ambavyo wajukuu wangu huvikariri usiku wa kuamkia mtihani, pamoja na majibu yake, kisha huvisahau wakishatoka darasani. Nazungumzia mchezo. Mtu anasema kitendawili, mnamwambia tega, anatega. Mkishindwa anadai mji: "Nipe mji!" Unampa mji, naye anausafiria hapo hapo alipokaa. "Nilikwenda Karachi, nikatandikiwa zulia, nikaletewa biriani ya mbuzi, na wewe nikakukuta jikoni unasugua sufuria. Jibu lake ni chaza." Ndipo unapolijua jibu, baada ya kusimangwa vya kutosha. Elimu yetu ilikuja na aibu kidogo, na kwa hivyo haikututoka.

Tulichezea kwenye baraza la nyumba yetu, ile nyumba ninayokaa mpaka leo. Baba alilijenga baraza hilo kwa mawe kabla hajaezeka nyumba yenyewe. Majirani walimcheka, naye akawajibu kwamba nyumba isiyo na baraza ni ghala la watu. Tulikuwa watatu. Mimi, Mwanasha wa nyumba ya nyuma, aliyekuwa na kicheko cha kuamsha kuku na kichwa kisichohifadhi kitu, na Kadzo. Baba yake Kadzo alitoka Kaloleni kuja kubeba magunia bandarini, akapanga chumba kimoja mtaani kwetu, na humo humo Kadzo akazaliwa. Hata hivyo watoto wa mtaa walimwita mpangaji, neno walilolisikia kwa mama zao. Baba yake mpangaji, sawa. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa, akakatwa kitovu hapa, alipanga lini?

Mchana hatukutega. Mama yake Kadzo alituapia kwamba mtoto anayetega kitendawili mchana huota mkia, na Mwanasha kila akioga alikuwa akijipapasa nyuma kuhakikisha. Basi mchana ulikuwa wa kutafuta miji, na jioni baada ya magharibi ilikuwa ya kuitumia. Tulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mji ukishatolewa hautolewi tena mpaka mwezi mwingine uandame. Ya pili tulipewa na mama, naye aliisema huku akikuna nazi, hata hakututazama: "Usitoe mji wa kwenu. Anayetoa mji wa kwao atalala wapi?"

Nairobi, Lamu, Malindi na Tanga zilikuwa zimekwisha kabla wiki haijaisha. Ilitubidi tusome. Tulisoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa viazi karai, mafuta yamelowesha maandishi, tukitafuta jina la mji. Tulijitolea kumfutia mwalimu ubao ili tuisogelee ramani yake ya ukutani. Leo mtoto ana dunia nzima kiganjani, ana ramani inayojua mpaka njia ya kisimani, na ukimwuliza mji mkuu wa Uganda anakwambia, "Ngoja ninunue bando." Sisi bando letu lilikuwa karatasi ya viazi, na tulipomaliza kuisoma tuliilamba.

Lakini ghala letu kubwa la miji lilikuwa meli. Alhamisi chuo cha Kurani kilikuwa kimefungwa, kwa hivyo tukitoka skuli tulikwenda moja kwa moja kwenye ukingo unaotazama mlango wa bandari. Tulibeba muhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili na ndimu, tukakaa majanini. Meli ilipoingia Kilindini ilipita karibu sana, ukaweza kumwona baharia akianua fulana zake. Hatukuitazama mbele. Tulingoja itupe mgongo, maana nyuma, chini ya jina lake, meli huandikwa mji wa kwao. Hapo tulisimama wote na kupiga kelele, "Pi-ra-e-us!", vile vile ilivyoandikwa, na aliyewahi kuusoma ndiye aliyekwenda nao nyumbani.

Na meli haiji kwa kuitwa. Tuliweza kukaa alasiri nzima tusione hata moja, na huko kungoja ndiko kulikotulea. Tulijua maji yanajaa au yanakupwa bila kumwuliza mtu. Tulimjua ndege mdiria aliyekaa juu ya kijiti kile kile kila siku na kuwafukuza wenzake. Tulikuwa na muda wa kusema jambo, kulinyamazia, kisha kulirudia. Upande wa Mtongwe palikuwa na mikoko, mizizi yake imechomoza matopeni, na siku moja Kadzo aliitazama kwa muda mrefu sana, mpaka nikadhani anaumwa. Jioni akatega: "Watu wamezikwa, vidole viko nje." Tukashindwa. Nikampa Rotterdam, akaenda Rotterdam akala pilau, akarudi ndipo akatuambia kwamba ni mizizi ya mikoko. Mpaka leo nikiipita naviona vile vidole.

Vijana wa leo nao wanayapenda maumbile, ndivyo wanavyosema. Swabra, mjukuu wangu anayekaa nami, alivuka feri akavuka na daraja kwenda Nyali na wenzake kutazama bahari. Bahari! Bahari ambayo anaisikia akiwa kitandani kwake. Aliporudi nilionyeshwa picha chungu nzima, na katika zote ameipa bahari mgongo na kubinua midomo. Nikamwuliza, "Maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa?" Mtoto wa watu akaanza kuzikagua picha ili ajue. Nilimwacha akikagua nikaenda kuosha mchele.

Sisemi kwamba sisi tulijua kila kitu. Tulikuwa na ujinga wetu, lakini tuliuchuma wenyewe. Nusu ya meli zile, wallahi, nyuma ziliandikwa Monrovia. Meli kubwa, Monrovia. Meli ya mafuta, Monrovia. Meli kuukuu yenye kutu mpaka puani, Monrovia. Tukaamini kwamba huo ndio mji mkubwa kuliko yote duniani, barabara zake zimejaa matajiri wenye meli, na Mwanasha akaapa ataolewa huko. Siku mwalimu wa jografia alipouliza mji mkubwa wa dunia ni upi, tuliinuka wote watatu bila kuruhusiwa tukajibu pamoja. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa kwa tai. Kisha akatueleza kwamba wenye meli huziandikisha huko kwa sababu ni rahisi, na kwamba meli nyingine haijawahi kuliona gati la Monrovia tangu iundwe.

Mwanasha aliona ameibiwa mume. "Kwa hivyo wameandika uongo?" Mwalimu akasema si uongo, ni utaratibu wa karatasi. Kadzo hakucheka wala hakukasirika. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alisema, "Basi hata mimi ni meli. Kwetu kumeandikwa Kaloleni, na kulala ninalala hapa." Tulikuwa wadogo, tukampa kipande kikubwa cha muhogo.

Likizo moja mambo yaliharibika. Ilikuwa jioni, watoto wengine wa mtaa wameshajisogeza barazani kusikiliza, na Kadzo ndiye anatega. Zamu ya kutoa mji ikamwangukia Mwanasha. Alijaribu Tanga, imetoka. Akajaribu Aden, imetoka. Mama yake alikuwa akimwita, samaki ameshapakuliwa, naye kwa haraka ya tumbo akapayuka, "Haya, nakupa Likoni!"

Nikampiga kofi la mgongo, lakini neno limeshatoka. Kadzo akasimama juu ya baraza, taratibu, akatutazama. Mbele yake walikuwa wamekaa wale wale waliokuwa wakimwita mpangaji, nao walijua sheria vizuri kuliko mimi, na mmoja alianza kulia. Angeweza kutufukuza sote. Angeweza kutupeleka jikoni kwake tukasugue sufuria mpaka mwezi uandame. Mimi ningefanya hivyo.

"Nilikwenda Likoni," akasema, "nikakuta watu wamekaa. Nikawaambia, kaeni. Siwafukuzi." Kisha akatoa jibu la kitendawili, nalo hakuna aliyelisikia.

Mwezi ule wote tulimbishia hodi Kadzo kila tulipotaka kupita njia ya kisimani, naye alijibu "Karibuni" kwa adabu kabisa, hata kwa watundu. Neno mpangaji sikulisikia tena, walau si mbele yake. Mama aliposimuliwa aliacha kukuna nazi, akasema, "Mmekuwa na bahati, mji umemwangukia mwenye haya."

Tulikua, tukaolewa, tukazaa, na kila mmoja alipopata nafasi jioni alirudi barazani. Mwanasha aliolewa mtaa wa juu, si Monrovia. Kadzo aliuza mahamri, akasomesha watoto ambao sasa wako mbali, akafiwa na mume, na mpaka leo amepanga chumba kimoja ambacho mlango wake unafungukia ukumbi wenye giza. Hana pa kuweka kiti nje. Mwaka juzi Mwanasha alitutoka. Pahali pake, ule upande wa karibu na mlango, hatukai. Tunawekapo chupa ya chai. Nakitamani kile kicheko chake kila siku, na sioni haya kusema.

Sasa mje mumsikie mwanangu. Athumani, baba yake Swabra, anafanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mtu mzima, ndiye anayeilisha nyumba yetu na Mungu amzidishie. Siku moja alisimama mbele ya baraza, mikono kiunoni, akasema, "Mama, hii nafasi imekufa." Imekufa! Watu wawili wamekaa juu yake wanakunywa chai, nafasi imekufa. Alitaka kulivunja baraza na kujenga kibanda cha chipsi na vifuniko vya simu. Nikamjibu kwa hasira, "Fanya upendavyo." Maneno hayo, mama yeyote wa pwani akiyatamka, mtoto mwenye akili hutafuta pa kujificha. Wangu alinishukuru, akanibusu mkono, akaenda kutafuta fundi.

Na mimi nina kiburi changu, sikuweza kurudi nikamwambia kwamba sikumaanisha. Nilinyamaza mpaka mchanga ukamwagwa mlangoni na matofali yakapangwa. Kadzo aliyaona. Akasema tu, "Si neno, nitakuwa nakuja ndani." Alijua na mimi nilijua. Ndani kuna televisheni inayopiga kelele tangu alasiri, makochi yana nailoni zake, na mtu akija huulizwa amekuja kwa jambo gani. Mtu haendi nyumba ya watu kila jioni bila jambo. Barazani huhitaji jambo, unapita tu ukakaa. Likivunjwa, nitakuwa nimempoteza na Kadzo, yu hai, mtaa mmoja na mimi.

Jioni ya kuamkia siku ya fundi, stima ikapotea, taa na feni vyote vikazima. Joto likawatoa wote ndani, Athumani na shuka lake, Swabra na simu yake iliyokuwa inakata roho. Kadzo alikuwa ameshafika na kukaa pahali pake. Kisha Kadzo akasema, bila kumtazama mtu, "Kitendawili."

Swabra akajibu kwa mazoea ya skuli, "Tega."

Akawategea vyepesi, nao wakashindwa vyepesi. Walitoa Dubai kwanza, bila shaka. Kisha Nairobi, kisha London. Athumani aliingia mchezoni kwa ajili ya mpira, akatoa Madrid, akatoa Manchester, anacheka, anaona anajua dunia. Kadzo alikwenda kote huko akala, akamkuta Athumani kila pahali akibeba mizigo ya watu, na Swabra alikuwa akicheka mpaka akaiweka simu chini. Nilipowaeleza sheria ya mji kutotolewa mara mbili, wakaanza kukwama. Watu waliosoma! Zikaisha timu za mpira, ikaisha dunia.

Ndipo Kadzo akatega, "Mgeni wangu huja mara mbili kwa siku, hajabisha hodi hata mara moja."

"Stima!" akasema Swabra.

"Stima ingekuwa inakuja mara mbili kwa siku," nikamwambia, "tungeichinjia mbuzi."

"Mwuza samaki," akasema Athumani.

"Huyo hupiga kelele tangu kule kona," akasema Kadzo. "Fikiri, mwanangu."

Wakafikiri. Bahari ilikuwa inasikika vizuri kabisa, maji yanajaa, yanapiga ukingo. Walikuwa wameketi wanaisikiliza na hawaisikii. Mwisho wakanyanyua mikono.

"Nipe mji," akasema Kadzo.

"Dubai."

"Imetoka, Baba," akasema Swabra.

"Paris. Haya, Paris."

"Umeitoa kwa kile cha jongoo."

Athumani akanyoosha mkono kuchukua simu yake, nikamwambia simu hapana. Na simu yenyewe ikaita, alikuwa ni fundi, anataka kujua aje saa ngapi. "Mama Kadzo, nakupa Likoni, tumalize," akasema, kidole kiko tayari kupokea. "Fundi ananingoja."

Nilimshika Kadzo mkono bila kujua. Akautoa taratibu, akasimama. Magoti yake siku hizi husimama kwa awamu. Akamtazama Athumani kama alivyotutazama sisi.

"Nilikwenda Likoni," akasema, "nikakuta watu wamekaa barazani. Nikawaambia, kaeni. Siwafukuzi. Fundi nikamkuta amekuja na nyundo, nikampa chai, akarudi kwao. Jibu lake ni maji ya bahari. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, mwanangu, na wewe umezaliwa hapa."

Athumani alianza kucheka. Kisha akaona kwamba sisi wawili hatucheki, na akaona macho yangu. Simu iliita mpaka ikanyamaza. Swabra akamwuliza, "Baba, umetutoa sote?" Yeye akanigeukia mimi. "Mama, ile siku uliposema nifanye nipendavyo..."

"Wewe ulielewaje?" nikamwuliza.

Akapiga simu hapo hapo, akamwambia fundi asije kwanza. Baadaye kibanda kilijengwa ubavuni mwa nyumba, na mafuta ya chipsi yananuka mpaka kwenye msala wangu wa kuswalia, na muziki wake sitausema. Nimevumilia. Baraza lipo.

Msidhani watoto wameokoka. Jana tu nimewakuta watano wamekaa juu yake, vichwa vimeinama, wanaandikiana wao kwa wao, bega kwa bega. Ule ukingo wetu umejengewa ukuta mrefu na mtu ambaye hatumjui, kwa hivyo hata angetaka mtoto kusoma mgongo wa meli hawezi. Zamani tulikuwa na miji michache na muda mwingi wa kuizungumza. Sasa miji yote imo mfukoni, na hakuna aliyekwenda hata mmoja akarudi na jambo la kusimulia.

Lakini mwenye Likoni ni Kadzo. Mwezi umeandama mara nyingi tangu siku ile, na miji mingine yote tumeirudisha. Huu hatukuudai. Kila jioni anapotokea kwenye kona, Athumani akiwa nje humwahi yeye kusema, "Hodi, Mama Kadzo," naye hujibu, "Karibuni, kaeni," kisha hukaa. Nawe ukishuka feri jioni ukapita kwetu, bisha hodi kwake kwanza, si kwangu. Uje na mji. Na usituletee Dubai.